Maswali ya Wasomaji: Kuzima Sauti ya Video Bila Kuipoteza

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kandokando ya ziwa, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: mtu amepiga video ya shughuli yake, picha ni nzuri, lakini imeingia sauti ambayo hakuitaka. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ndani yake mna mambo ambayo wale wengine wote watayahitaji.

SWALI: Mwandishi, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto watano, ninaishi Nyegezi hapa Mwanza. Tulipomuaga binti yetu kabla ya harusi, kijana wa jirani alitupigia video kwa kamera ndogo. Picha zimetoka vizuri, lakini jenereta liliwekwa nyuma ya turubai na linanguruma mwanzo hadi mwisho, kijana mwenyewe anasikika akiwaambia watu "sogeeni, sogeeni", na wakati wa keki shemeji yangu alitoa maneno ambayo sipendi wajukuu wayasikie. Tunayo laptopu ya zamani yenye Windows Movie Maker. Mwanangu anasema tuifute sauti yote tuweke nyimbo za kwaya. Kinachonizuia ni kwamba mume wangu alimpa binti nasaha kwa Kisukuma katika video hiyo hiyo. Tufanyeje?
Mama wa Nyegezi

JIBU: Shikamoo mama. Nashukuru umeandika kabla ya kufuta chochote.

Faili la video hubeba mikondo miwili iliyofungwa pamoja, mmoja wa picha na mwingine wa sauti. Mikondo hiyo huenda sambamba bila kuchanganyika, na ndiyo maana programu ya kuhariri inaweza kuuondoa mmoja bila kuugusa mwingine. Kilichochanganyika ni vile vilivyomo ndani ya mkondo wa sauti wenyewe: jenereta, "sogeeni", shemeji na nasaha za baba viliingia vyote kwa kipaza sauti kimoja, na kuvitenganisha sasa ni kama kutafuta chumvi iliyokwisha kuyeyuka katika mchuzi. Uwezo ulio nao ni wa kuchagua mahali: wapi sauti izimwe, wapi ipunguzwe, na wapi iachwe kama ilivyo.

Kabla ya mengine yote, nakili faili la asili kwenye flashi au diski nyingine, uliweke kando, na usilihariri kamwe. Nasema hivi kwa uchungu. Miaka mingi iliyopita nilimpiga babu yangu video kisiwani Ukerewe, akiwa ameketi chini ya mwembe akiziba matundu ya wavu. Alikuwa akieleza kila anachofanya, kwa nini fundo la pembeni hukazwa mara mbili na jinsi jicho la wavu linavyopimwa kwa vidole. Nilipofika nyumbani niliona sauti ile imejaa kuku na watoto, nikaizima yote, nikaweka muziki, kisha nikalifuta faili la asili ili nipate nafasi kwenye memori kadi. Babu hayupo tena. Tunayo mikono yake, tunaiona sindano ya mbao ikipita na uzi ukivutwa, midomo yake inacheza, na hakuna hata mmoja wetu anayejua alikuwa akisema nini kuhusu lile fundo.

Sasa tuje kwenye laptopu yako. Ikiwa Movie Maker yako ni ile iliyokuja na Windows XP, panua mstari wa picha ili sauti ya klipu (kipande cha video) ionekane chini yake, bofya sauti hiyo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha uchague neno "Mute". Sauti ya klipu hiyo itazimika na picha itabaki. Ikiwa ni toleo la baadaye, bofya klipu, fungua sehemu iliyoandikwa "Edit", ubonyeze "Video volume" na kuvuta kitelezi kuelekea kushoto hadi mwisho. Microsoft waliacha kuihudumia programu hii mnamo Januari 2017. Iliyomo kwenye laptopu yako bado itafanya kazi, lakini ikiharibika usiipakue upya kwenye tovuti usiyoijua, kwa kuwa wamekuwapo watu waliosambaza nakala bandia zinazodai malipo.

Lile toleo la XP lina njia moja ambayo wengi hawaijui. Ukiichukua klipu ya video na kuishusha kwenye mstari wa sauti badala ya mstari wa picha, programu huchukua sauti yake tu. Kwa hiyo weka klipu juu na uzime sauti yake, kisha weka klipu hiyo hiyo chini, ianze sekunde ile ile. Hapo umepata picha na sauti zilizotengana, na unaweza kuikata sauti peke yake bila kuidhuru picha. Taabu ni kwamba Movie Maker ina mstari mmoja tu wa sauti ya ziada, ambao sasa umeshajaa, na kwaya haina pa kukaa. Itakubidi umalize kusafisha, utoe faili jipya la video, kisha uliingize upya faili hilo ili uwekee nyimbo, na kila ukitoa faili upya ubora wa picha hupungua kidogo. Kama kijana wako anaweza kupata kompyuta yenye nguvu zaidi, ningependa atumie programu ya kuhariri iitwayo Shotcut, ambayo ni ya bure na inaruhusu mistari mingi ya sauti. Humo hutenganisha sauti na picha kwa agizo moja lililoandikwa "Detach Audio". Agizo kama hilo limo pia katika iMovie ya kompyuta za Apple na katika Clipchamp inayokuja na Windows 11.

Sauti ikishatengwa, vuta mstari wake karibu mpaka uone mawimbi yake yamechorwa, na uyatazame kwa makini kabla ya kukata chochote. Jenereta litaonekana kama ukanda mnene wa kimo kimoja usiokatika. Vigelegele ni meno marefu yaliyosongamana. Mtu anayezungumza taratibu ni vilima vidogo vyenye mabonde kati yake, na lile neno "sogeeni" lililotamkwa karibu kabisa na kamera litachomoza kama Jiwe la Bismarck juu ya maji. Ukizoea, utajua kwa macho maneno yanapoanzia na yanapoishia.

Kata kabla na baada ya maneno ya shemeji, uzime kipande hicho cha katikati tu. Utakutana na tatizo: jenereta lililokuwa likinguruma litakatika ghafla kisha litarudi, na sikio la msikilizaji litashtuka kuliko ambavyo lingeshtushwa na maneno yenyewe. Dawa yake ni kutafuta mahali pengine katika video hiyo ambapo hakuna anayesema, labda watu wanaponawa mikono kabla ya chakula, ukanakili sekunde chache za mngurumo huo na kuzipachika pale ulipokata. Mafundi wa filamu hurekodi kimya cha mahali makusudi, nusu dakika hivi, wakiwa bado hawajafungasha vifaa, kwa sababu wanajua kwamba hakuna ukumbi wala turubai lililo kimya kabisa. Kwenye kila kiungo, sauti ipande na kushuka polepole kwa muda mfupi, hata nusu sekunde inatosha, la sivyo utasikia mlio mdogo kama wa kidole kugonga meza.

Kwaya iwekwe wageni wanapowasili, wakati wa keki, na wakati wa kutoa zawadi. Inapokaribia nasaha ishushwe taratibu mpaka iishe. Mahali pengine ambapo unataka watu wasikike kwa mbali chini ya nyimbo, punguza sauti yao kwa desibeli 20 badala ya kuizima. Hapo kimo cha mawimbi hubaki sehemu moja ya kumi, na vigelegele vitasikika kama vinatoka nyumba ya jirani. Nami nakusihi, mama, nasaha za baba ziache na jenereta lake. Atakayezisikiliza baada ya miaka 20 hatalisikia jenereta, atamsikia baba. Ukiweza, mwombe mwanao aandike tafsiri ya Kiswahili chini ya picha, kwa kuwa wajukuu wengi wanaokulia mjini Kisukuma wanakisikia nusu nusu.

Kwa kuiangalia nyumbani, nyimbo za kwaya hazitakuletea shida. Mkitaka kuipandisha video YouTube, ombeni kwanza ruhusa ya kwaya yenyewe; mtandao huo una mfumo wa kutambua nyimbo zilizosajiliwa, na nchini kwetu haki za watunzi zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999.

SWALI: Kaka, mimi ni kijana wa Buzuruga, nafanya udalali. Nilipiga video ya kiwanja, na nyuma tunasikika mimi na mwenye kiwanja tukizungumza bei ya mwisho anayoweza kukubali. Nikaifungua kwa VLC kwenye kompyuta, nikashusha sauti mpaka sifuri, ndipo nikamtumia mnunuzi kwa WhatsApp. Akasikia kila kitu. Nimekosea wapi?
Dalali wa Buzuruga

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. VLC ni kichezeshi. Ukishusha sauti pale umeshusha ya spika zako tu, na faili lenyewe hukuligusa. Ili mnunuzi asisikie, ni lazima litengenezwe faili lingine lisilo na mkondo wa sauti.

Ulikuwa na njia ya karibu mno: WhatsApp yenyewe, unapochagua video kabla ya kuituma, huonyesha alama ndogo ya spika juu ya picha, na ukiigusa video hutumwa bila sauti. Katika CapCut, programu ya kuhariri video kwenye simu, gusa alama ya kuzima sauti za klipu iliyo kushoto mwa mstari wa muda, kisha uitoe video upya.

Kwa mwenye kompyuta na video nyingi, njia ninayoipenda kuliko zote ni programu ya bure iitwayo FFmpeg, ambayo haina vitufe wala madirisha. Huandikiwa agizo la mstari mmoja. Ukiwa ndani ya folda yenye video hiyo, andika:

ffmpeg -i kiwanja.mp4 -c copy -an kiwanja_kimya.mp4

Sehemu ya "-c copy" inaiambia programu inakili picha kama ilivyo bila kuitengeneza upya, na "-an" inaiambia iache sauti nje. Kwa kuwa picha haitengenezwi upya, ubora wake haupungui hata kidogo, na kazi ambayo ingechukua nusu saa katika programu ya kuhariri humalizika kwa sekunde chache. Faili la asili hubaki salama, mradi jina la faili jipya liwe tofauti kama nilivyoandika hapo.

Katika kazi kama yako ningehakikisha pia. Programu nyingi za kuhariri, ukizima sauti, hutoa faili ambalo bado lina mkondo wa sauti ila ni mtupu. Asiyejua huona alama ya spika akaingiwa na wasiwasi. Kwa usiri, faili hilo ni salama sawa na lile lisilo na mkondo. Ukitaka kujua, lifungue kwa VLC, uende kwenye taarifa za kodeki ("Codec Information", zinazoorodhesha mikondo iliyomo) katika menyu ya zana: ukiona mkondo mmoja tu, wa video, sauti haimo kabisa.

SWALI: Ndugu yangu aliyeko Mwanza mjini alihariri video ya kipaimara, akazima sauti isiyotakiwa, akaniletea kwa flashi hapa Nansio. Kwangu haifunguki, inaonyesha alama za msalaba mahali pa picha. Je, flashi imeharibika?
Msomaji wa Nansio

JIBU: Flashi ni nzima. Ndugu yako amekuletea mradi badala ya video. Mradi ni faili dogo linaloandika tu maelekezo, kwamba kata hapa, zima sauti pale, huku picha zenyewe zikiwa zimebaki kwenye kompyuta yake. Mwambie afungue mradi huo kwake, atoe video kamili yenye mwisho wa mp4, ndipo aiweke kwenye flashi. Dalili nzuri ya kutofautisha ni ukubwa: mradi mara nyingi ni kilobaiti chache, na video ni mamia ya megabaiti.

SWALI: Mimi ni mwalimu, nafundisha upande wa Sengerema. Nilirekodi wanafunzi wangu wakiimba ndani ya kivuko cha Kamanga tukitoka ziara ya mjini. Upepo umeharibu sauti kiasi kwamba najiuliza kama niizime yote. Kuna namna ya kuondoa upepo na kuacha watoto?
Mwalimu wa Sengerema

JIBU: Mwalimu, usiizime bado. Kile unachokisikia ni hewa inayokipiga kipaza sauti cha simu na kuutikisa utando wake, na mtikisiko huo una nguvu zaidi kwenye sauti nene, za chini, ambako sauti za watoto hazifiki. Hapo ndipo penye bahati yako. Sauti ya mwanamume anapozungumza huanzia karibu na hezi 85 (yaani mitikisiko 85 kwa sekunde), ya mwanamke karibu na hezi 165, na ya mtoto huwa juu zaidi. Kwa hiyo tumia kichujio kinachopitisha sauti za juu na kuzuia za chini. Kimo katika Shotcut na katika programu ya bure ya sauti iitwayo Audacity. Anza kwa kukiweka hezi 100, usikilize, kisha upandishe kidogo kidogo hadi 150 au hata 200. Ukiona sauti za watoto zimekuwa nyembamba kama zinatoka kwenye redio ndogo ya mkulima, umepita kiasi, rudi chini.

Audacity ina pia chombo cha kupunguza kelele kinachofanya kazi kwa hatua mbili. Kwanza unachagua sekunde chache zenye kelele peke yake, unakifundisha kuitambua, kisha unachagua sauti yote na kukiamuru kiipunguze. Chombo hiki ni kizuri kwa kelele isiyobadilika, kama injini ya kivuko au feni. Kwa upepo unaokuja na kuondoka hakisaidii sana, na ukikilazimisha, waimbaji watasikika kama wako chini ya maji. Kazi hii hunikumbusha dagaa wa Mwaloni waliokaushwa mchangani: unapepeta, unapepeta tena, mchanga mwingi unatoka, na ukitaka utoke wote utabaki na dagaa waliovunjika vichwa. Ridhika mapema. Ikiwa Audacity itakataa kufungua video, toa kwanza sauti peke yake kwa muundo wa WAV kutoka programu ya kuhariri, uisafishe, kisha uirudishe chini ya picha huku ile ya asili ukiizima.

Iko hali moja isiyotibika. Tazama mawimbi: kama vilele vyake vimekatwa bapa kana kwamba vimepitiwa na panga, upepo ulikizidi nguvu kipaza sauti, na kilichokuwa juu ya hapo hakikurekodiwa kabisa. Vipande vya namna hiyo vizime, na ufunike pengo kwa wimbo huo huo kutoka beti ambayo upepo ulitulia, huku picha ikionyesha maji au bendera ili midomo isionekane.

Safari ijayo, simama ukiupa upepo mgongo, mwili wako uwe ukuta, na ufunike kipaza sauti kwa kipande kidogo cha sponji. Upepo wa ziwani huvuma kuja nchi kavu mchana, jua linapokuwa limeipasha nchi kavu joto kuliko maji. Ukiweza kurekodi asubuhi na mapema, fanya hivyo.

SWALI: Nipo Igoma, nahariri video za harusi. Nikishatenganisha sauti na picha, mwanzoni midomo inalingana na maneno, lakini kufika katikati mdomo wa MC unafunguka ndipo maneno yafuate. Nimejaribu mara tatu.
Mhariri wa Igoma

JIBU: Angalia kwanza kama kuchelewa huko kunatokea ghafla au kunaongezeka polepole, kwa sababu hayo ni magonjwa mawili.

Kama kunatokea ghafla, kuna mahali ulikata picha bila kukata sauti. Ukiondoa sekunde mbili za picha na programu ikavuta picha zinazofuata kuziba pengo, sauti hubaki ilipokuwa na kila kitu baada ya hapo hupishana kwa sekunde mbili. Rudi kwenye mkato wa kwanza ambapo kasoro inaanza, utaona picha imekatwa na sauti haikukatwa. Kwa kazi zijazo, kata sehemu zote mnazozitupa wakati sauti na picha bado zimeshikana, na utenganishe mwishoni, tena kwa vile vipande tu vinavyohitaji kutenganishwa.

Kama kunaongezeka polepole, kosa limetoka kwenye simu iliyorekodi. Kamera za video za hapa kwetu huandika fremu 25, yaani picha tuli 25, kwa sekunde bila kubadilika, lakini simu nyingi huongeza na kupunguza idadi ya fremu kadiri mwanga unavyobadilika, na baadhi ya programu hushindwa kuzihesabu sawasawa. Geuza faili hilo kwanza liwe na idadi moja ya fremu kwa sekunde, kwa kutumia programu ya kugeuza video iitwayo HandBrake, au ukubali Shotcut inapojitolea kuligeuza, ndipo uanze kuhariri.

Na kwa kuwa harusi hurekodiwa mara nyingi kwa simu mbili au tatu pamoja na kinasa sauti kilichowekwa mezani kwa MC, mwombe mtu asimame mahali vifaa vyote vinapomwona na apige kofi moja la nguvu kabla shughuli haijaanza. Kofi hilo litaonekana kama mwiba mmoja kwenye kila mstari wa sauti, na kwenye picha utaiona fremu ambayo viganja vinakutana. Panga miiba hiyo iwe chini ya fremu hiyo, kisha zima sauti za simu zote na uache ya kinasa sauti peke yake.